Mwaka Nilipoupima Mpaka wa Mayu Kabula

Basi nililopanda liliharibika njiani, kwa hiyo nilipofika Migato, kijijini kwao, Mayu Kabula alikuwa ameshazikwa na waombolezaji walikuwa wanakula. Wanaume walikaa kwenye viti upande wa zizi, wanawake kwenye mikeka. Kwenye mkeka wa wafiwa, katikati ya mabinti wa marehemu, alikuwa ameketi Bi Tausi, kajitanda kanga, macho yamemvimba. Nilimtambua kwa namna yake ya kukaa, mguu mmoja kaunyoosha mbele kama mtu aliyetoka safari ndefu. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Bibi Shamba." Ilikuwa imepita miaka mingi bila mtu kuniita hivyo, nimeshastaafu, na bustani yangu mwenyewe siku hizi ni makopo manne ya sukuma wiki barazani. Mama mmoja aliyenimiminia maji ya kunawa aliniinamia akauliza kwa sauti ya chini yule bibi wa Kiislamu ni nani kwa marehemu, maana tangu juzi hajabanduka pale. Nikamwambia ni jirani yake wa Bariadi. "Jirani tu?" akauliza. Ninayoandika hapa ndiyo ningemwambia siku ile, kama wali usingekuwa unapoa.

Nilipelekwa Bariadi nikiwa na miaka ishirini na tatu, na cheti cha kilimo, sanduku la bati, na futi kamba ya mita hamsini niliyokabidhiwa ofisini kwa sahihi tatu kana kwamba ni bunduki. Enzi hizo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, mji wa barabara moja ya vumbi, na Kisukuma sikukijua hata neno. Ofisi ilinitafutia chumba kwa Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, mwanamke mrefu wa miaka kama hamsini, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata anapokuomba chumvi. Chumba changu kilikuwa pia ghala lake: kitanda cha kamba, dirisha la ukubwa wa sahani, na kwenye kona magunia mawili ya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambayo harufu yake tamu yenye vumbi ilinishika kwenye nguo hadi nikaacha kuisikia. Kuta hazikufika kwenye bati. Kila kilichosemwa jikoni kilipanda, kikavuka ukuta, kikanishukia kitandani. Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kisukuma, kwa kusikiliza mambo yasiyonihusu. Asubuhi nilitoka nikasema "Mwangaluka, mayu," naye akanijibu "Mwangaluka, ng'wanone," mwanangu, akanisukumia bakuli la michembe iliyochemshwa na karanga, na hakunyanyuka mpaka aone nimemaliza.

Nyuma ya nyumba ardhi iliteremka kuelekea kijito, na huko ndiko kulikokuwa na bustani. Kwa kweli zilikuwa bustani mbili, ya Mayu Kabula na ya Bi Tausi, mke wa Mzee Shabani mwenye duka, ila mgeni asingejua. Hapakuwa na ua. Palikuwa na mstari wa mchaichai tu, na karibu na mstari huo kisima ambacho wale wanawake wawili walikichimba kwa mikono yao mwaka mmoja wa ukame, Mzee Shabani akiwa Mwanza kwenye biashara. Bi Tausi alitoka Tabora, na lugha ya kwao iko karibu na Kisukuma, basi kila mmoja aliongea yake na wakaelewana. Asubuhi nikiwa napiga mswaki niliwasikia wakimwagilia na kusengenya, ndoo ikishuka na kupanda. Ijumaa ilikuja sahani ya pilau kutoka upande wa pili. Jumapili, baada ya misa, sahani ile ile ilirudi na mlenda na samaki mkavu. Sikuwahi kuona sahani ikirudi tupu.

Ule ulikuwa mwaka ambao watu binafsi walianza kununua pamba. Redioni tulisikia soko huria, soko huria, lakini mimi nililiona siku malori ya wageni yalipopanga foleni kando ya ghala la ushirika, kila moja na mizani yake, na wapigadebe wakiwavuta wakulima kwa mikono. Maduka ambayo juzi tu yalikuwa na chumvi na viberiti yalijaa sabuni za rangi tano. Mitumba ilimwagwa kwenye maturubai. Watu walitembea haraka zaidi, hata waliokuwa hawana wanakokwenda. Mnunuzi mmoja alimwambia Mzee Shabani kwamba akiwa na ghala msimu ujao, yeye atalikodi kuanzia siku ya kwanza. Mzee Shabani alikuwa mtu mwema. Nasema hivi mapema ili msimfikirie vibaya. Alikuwa ameuza chumvi kwa vijiko kwa miaka kumi na tano, na sasa kwa mara ya kwanza mlango ulikuwa umefunguka mbele yake. Ardhi ile ya nyuma, ambayo alikuwa haikanyagi ila anapokwenda kumwita mkewe, ikageuka kuwa kitu.

Ilikuwa Septemba, jua kali, nyanya za Mayu Kabula zimeanza kubadilika rangi. Tuliamka tukakuta tofali za kuchoma zimeshushwa, na kamba ya fundi imevutwa kutoka barabarani hadi kijitoni, vigingi kila hatua kumi. Kamba ilipita upande wetu wa mchaichai, katikati ya matuta ya nyanya. Matuta matano yalikuwa ng'ambo, na kisima nacho kilikuwa ng'ambo.

"Shabani," aliita Mayu Kabula, "kamba yako imepotea njia."

Mzee Shabani alitoka na kikombe cha chai mkononi. "Haijapotea, dada Kabula. Kiwanja changu kinafika hapo."

"Mpaka ni mchaichai."

"Mchaichai mliupanda ninyi kina mama. Serikali haikugawa viwanja kwa mchaichai."

Nilimtafuta Bi Tausi kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko lake na ndoo, akaiangalia ndoo, akarudi ndani.

Kuanzia siku hiyo bustani ikawa kimya, na kimya kile kilinisumbua kuliko kelele yoyote ya mji. Kila mmoja alichota kwa saa yake. Ijumaa ilipita bila pilau. Jumapili Mayu Kabula alipika kama kawaida, akapakua, kisha nikamwona ameshika sahani ya tatu hewani, hajui aiweke wapi. Wiki hiyo hiyo kaka zake wawili walifika kutoka Migato, wanaume wapana wenye fimbo za kuchungia, habari zimewafikia. Nilikuwa chumbani, niliwasikia jikoni wakisema wang'oe vigingi, halafu waone nani atavirudisha. Aliwaacha waseme. Nilisikia mwiko unagonga chungu, ugali unapakuliwa, maziwa ya mgando yanamiminwa. Walipokuwa wameshiba aliwaambia, kwa Kisukuma ambacho sasa nilikifuata vizuri, kwamba yeye anaishi hapa na wao wanaishi Migato, na kwamba wakishamaliza kupiga watu wataondoka na ng'ombe wao, yeye atabaki na jirani. "Nimewapa chakula," akasema, "vita sikuwaita." Waliondoka jua likiwa bado juu, wamebana fimbo zao kwapani.

Kisha akaleta kopo la maziwa ya unga alimohifadhia karatasi zake, akanipa moja nimsomee. Ilikuwa barua ya kugawiwa kiwanja, imechakaa kwenye mikunjo. Kiwanja chake kilianzia kona ya kalavati la barabarani, upana mita ishirini na mbili. Alikuwa akijua hiyo barua ipo ila hajawahi kusoma namba. Siku iliyofuata yeye mwenyewe alikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Masunga, akaomba mpaka upimwe mbele ya watu, na balozi akasema mwenye futi kamba mtaani ni mmoja, Bibi Shamba. Mzee Shabani akapinga, na alikuwa na haki. "Huyu binti ni mpangaji wake. Anakula chungu kimoja naye."

"Kweli anakula kwangu," alisema Mayu Kabula. "Basi wewe Shabani ushike mwanzo wa kamba pale kwenye kalavati. Fundi wako aivute. Yeye asome namba tu, na balozi asome nyuma yake." Nimekaa kwenye vikao vingi tangu hapo, vya maofisa wenye shahada na magari, na bado sijamwona mtu aliyemjibu mpinzani wake kwa kumkabidhi kamba.

Mimi sikuweza kusubiri. Kesho yake mchana, watu wakiwa sokoni, niliifunga futi kamba kwenye kalavati kwa kijiti nikapima peke yangu. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu nikiwa nimeivuta mpaka inaimba. Mchaichai ulikuwa kwenye mita ishirini na tano. Kamba ya Mzee Shabani ilikuwa kwenye ishirini. Mpaka wa haki ulipita kati ya hivyo viwili, ndani ya matuta ya nyanya, na kisima kilibaki upande wa Shabani kwa urefu wa mkono wangu. Yaani Shabani alikuwa amevuka mita mbili, lakini Mayu Kabula alikuwa amevuka tatu.

Niliketi kwenye tuta. Naona aibu kuandika nilichofikiri, lakini nitakiandika. Nilifikiri jinsi kalavati lilivyokuwa na kona mbili, ya ndani na ya nje, na kwamba hakuna ambaye angeuliza. Nilifikiri jinsi kamba inavyoweza kulegea penye majani. Yule mwanamke alinilisha. Nilipougua malaria mwezi wa tano alinilaza kwenye kitanda chake akalala chini. Na kisima kile kwake kilikuwa maisha yenyewe. Bila kisima, kuanzia Juni hadi mvua zinyeshe, hakuna nyanya, hakuna mchicha, na maji yangetoka kwenye mchanga wa kijito, mwendo wa kutosha kumchosha kijana, seuze yeye.

Nilimkuta jikoni anamenya karanga. Nikachukua ungo nikakaa kumsaidia, na baada ya karanga kama hamsini nikamwambia yote. Hakuinua kichwa. Maganda yaliendelea kuvunjika.

"Umepima mara ngapi?"

"Tatu, mayu."

"Na zote sawa?"

"Zote sawa."

Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kila mwaka nikilima nasogeza tuta la mwisho kidogo. Shibiri tu. Nikisema mchaichai umekauka, naupanda upya mbele kidogo. Tausi ananiona, anacheka. Hakuna aliyejali. Sasa naona nimetembea mita tatu." Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Basi Jumamosi pima mara ya nne, vilevile. Na ukisoma namba, ng'wanone, usiniangalie usoni. Ukiniangalia utaikosea."

Jumamosi mtaa mzima ulikuja. Mzee Shabani aliinama kwenye kalavati akashika sifuri kwa vidole viwili, kofia yake imeingia vumbi, na fundi akavuta. Nikasoma ishirini na mbili. Balozi akavaa miwani, akasoma ishirini na mbili. Kigingi kikagongwa, kisha kingine chini kabisa karibu na kijito, na kamba mpya ikanyooshwa kati ya vigingi hivyo. Watu walitazama kamba, wakatazama kisima, wakaelewa. Sauti zikashuka. Nilikuwa nimeangalia ardhi muda wote, kama nilivyoagizwa, hivyo nilisikia tu hatua zake zikinipita. Mayu Kabula alisimama penye mstari akasema kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe, watu wote wasikie: "Nilivuka. Shabani naye amevuka, lakini mimi nilianza zamani. Nyanya hizi ni zangu, ardhi si yangu." Akafunga kitenge kiunoni, akaingia kwenye matuta, akaanza kuchuma. Nyanya nyingi zilikuwa za kijani bado. Alichuma zote. Mwanamke mmoja akamwambia awaombe wiki mbili ziive. Akajibu kwamba mtu akishajua kitu si chake, kila siku anayoongeza inakuwa wizi mpya.

Hapo ndipo Bi Tausi alipotoka jikoni kwake. Alipita mbele ya mumewe bila kumtazama, akaingia tuta la pili na kikapu. Waliinama wakachuma, mmoja huku, mwingine kule, mpaka wakakutana katikati.

Ningependa kusema yaliishia pale, lakini hayakuishia. Jumatatu Mayu Kabula alichukua ndoo akaenda kuchota kwenye mchanga wa kijito. Bi Tausi alimkimbilia akamwambia kisima ni chao, walikichimba wao, achote. Nilisikia jibu, maana walisimama chini ya dirisha langu. "Kwa ruhusa yako nitachota mwaka huu. Ukifa, au ukigombana naye, nitachota kwa ruhusa ya nani? Mwenye kiwanja aseme mwenyewe, isiwe huruma." Mzee Shabani hakusema. Alikuwa na haraka ya msingi wake. Kwa siku kumi na moja nilimsaidia Mayu Kabula kubeba ndoo kutoka mtoni, na shingo iliniuma hata ofisini, na yeye hakulalamika isipokuwa kuhusu mchicha.

Siku ya kumi na mbili alisimama mpakani, upande wake, akamwangalia fundi anayepima mtaro wa msingi upande wa chini. Tulikuwa tumetua ndoo tupumzike. Nadhani najua alichokuwa akikiona, maana mimi pia nilikuwa nimekiona: kule chini udongo ni mbuga, ule mweusi mzito wa mpunga, na Septemba ulikuwa na nyufa za kuingiza mkono hadi kiwiko. Ungemeza mvua, ungevimba, na ukuta wowote juu yake ungefunguka kama ganda la karanga. Angeweza kwenda zake na ndoo yake. Mimi, nakiri, ningeenda.

"Shabani!" aliita. "Usijenge huku chini. Ni mbuga hii. Masika ikija ukuta utapasuka na pamba ya watu italowa."

Mzee Shabani alimtazama kwa mashaka. "Dada, mpaka umeshapimwa."

"Nimeshakupa mpaka wako. Nakwambia udongo. Nimeulima miaka kumi na sita, mwulize na Bibi Shamba, ana cheti."

Akaniuliza. Nikamwambia ni kweli. Fundi aliendelea kupima mtaro, labda akiogopa kukosa kazi, lakini Mzee Shabani alichukua kijiti kirefu akakiingiza kwenye ufa. Kilizama chote. Alibaki amechuchumaa pale, akiutazama ufa ambamo kijiti kilipotelea. Mchana ule tofali zilianza kuhamishwa kwenda juu, karibu na barabara, kwenye udongo mwekundu, na ghala lililojengwa huko halikufika hata nusu ya kiwanja. Lilisimama miaka mingi. Nimeambiwa bado lipo, ila sasa humo zinauzwa simu.

Mzee Shabani alikuja Ijumaa iliyofuata baada ya sala, kavaa kanzu, na Bi Tausi nyuma yake ameshika sahani iliyofunikwa. Mayu Kabula alimkaribisha kwenye kigoda jikoni, mahali ambapo hajawahi kuketi, moshi ukimwingia machoni. Alitaka kuanza kusema akiwa bado hajakaa vizuri. "Kula kwanza," Mayu Kabula alimwambia, akamwekea ugali wa mtama na mlenda. Alikula. Mlenda ukamchuruzika kidevuni na mkewe akacheka, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa mwezi mzima. Alipomaliza alinawa, akasema kwamba kisima ni cha nyumba mbili, siku zote, hata wao wakiwa hawapo, na kwamba atasema hivyo mbele ya balozi.

"Iandikwe," alisema Mayu Kabula.

Balozi aliitwa. Nilitoa karatasi kwenye daftari langu la kazi na kuandika nilivyoamriwa: kisima, njia ya kukifikia, nyumba ya Shabani na nyumba ya Kabula na watakaozirithi. Balozi akaisoma kwa sauti, akasema imetosha, akachukua kalamu.

"Bado," alisema Mayu Kabula. "Andika pia kwamba mimi Kabula nilivuka mpaka mita tatu."

Mzee Shabani alijisogeza kwenye kigoda. "Dada, hilo la nini? Limekwisha. Na mimi je, nilivuka mbili."

"Ya kwako useme wewe ukitaka. Hii ni ya kwangu." Akanigeukia. "Andika, ng'wanone. Karatasi inayosema haki yangu bila kosa langu, mtu akiisoma kesho atajuaje kama ni ya kweli?"

Nikaandika. Mzee Shabani alikuna shingo, akatazama mlango, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka na mguu wake umenyooka. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo asije akavunja kilichomo ndani: "Haya. Ongeza na zangu mbili."